Cherehani na Sufuria ya Jioni

SOMO LA MWEZI HUU
Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 3:7-21, Matendo ya Mitume 9:36-42, Yohana 21:1-14



Tunamshukuru Mungu aliyetulinda mwezi mzima na kutupa tena nafasi ya kukutana katika gazeti letu hili dogo. Tunawasalimu ninyi nyote wa hapa Mantapala, na ninyi mliohamia Nchelenge na Kashikishi kutafuta maisha. Tunawasalimu pia wale ambao gazeti hili huwafikia kwa mtumbwi mpaka Kisiwa cha Kilwa na ng'ambo ya ziwa, hata kama linawafikia likiwa limefungiwa chisense. Mkimaliza chisense, tafadhali someni na gazeti.

Mwezi huu mama shemasi mmoja alituomba tuandike juu ya amani ya nyumba. Akasema, "Pasta, safari hii usiandike ya nyumba za watu. Andika ya kwako. Sisi majirani tuliyanusa wenyewe." Basi tunatii.

Ila jambo moja tulinyooshe mapema. Sisi wachungaji tumezoea kusema "sisi" hata pale ambapo mtu ni mmoja. Ndivyo tulivyofundishwa kule chuo cha Biblia, ili mhubiri asijikweze. Lakini Mama wa nyumba yetu alipoisoma karatasi hii kabla haijapigwa fotokopi, alitaka kanisa lielewe kwamba kwa habari ya maharage yaliyoungua, "sisi" ni mtu mmoja tu, na mtu huyo si yeye.

JINSI CHEREHANI ILIVYOINGIA NYUMBANI

Historia yetu mnaijua, kwa kuwa ni ya kwenu pia. Tulitoka eneo la Pweto mwaka 2017, vita vilipofika vijijini. Tulishuka mpaka Kilwa ya upande wa Congo, tukavuka ziwa, tukakaa kwanza Kenani chini ya mahema. Mwaka 2018 tukaletwa hapa Mantapala, tukaonyeshwa kiwanja cha kujenga na kulima. Tulikuwa na Biblia, sufuria moja na mablanketi. Cherehani hatukuwa nayo.

Ilikuja baadaye. Familia moja ya kanisa ilipokuwa inarudi Congo ilishindwa kuipakia, ikatuachia. Ni mashini ya miguu, nyeusi, mkanda wake wa ngozi umeungwa mara tatu, na ikikimbia inapiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Wakati huo hatukujua kushona hata kifungo. Fundi mmoja mzee, jirani yetu, akatufundisha kupitisha uzi, kukanyaga bila kurudisha gurudumu nyuma, na kukata shingo ya gauni bila kuharibu kitambaa. Vitambaa vitatu viliharibika kwanza. Mzee yule ana uvumilivu wa Ayubu.

Hatukuifanya biashara. Mafundi wa kweli wako sokoni, na watoto wao wanakula kwa sindano zao. Si vizuri mchungaji awanyang'anye wateja. Sisi tulishona mabaki ya vitenge. Tuliunga vipande tukapata vishuka vya watoto wachanga na mifuko ya madaftari. Tulifupisha suruali za salaula ambazo mwenyewe wa kwanza, huko Ulaya aliko, bila shaka alikuwa na miguu ya korongo. Ilikuwa kazi ya kufurahisha roho tu.

Na tuseme ukweli kwa nini iliifurahisha. Kazi ya uchungaji haina mwisho unaoonekana. Leo unapatanisha watu wawili, kesho kutwa wamegombania mpaka wa shamba. Unaomba na mgonjwa, unarudi unakuta mwingine. Lakini pindo la gauni likinyooka, limenyooka. Unaliangalia, unalipiga pasi, unafurahi. Tulianza kushona baada ya ibada ya asubuhi, kisha baada ya chakula cha mchana, kisha usiku kwa taa ya sola. Mwishowe tulikuwa tunashona saa ile ambayo hatukutakiwa kushona.

JUMANNE NA ALHAMISI

Mama wa nyumba yetu ana biashara ndogo. Jumanne na Alhamisi huenda Kashikishi kununua chisense kwa wavuvi, na hurudi jua limezama. Kwa hiyo tulipatana mbele ya watoto wote kwamba siku hizo mbili baba ndiye atakayepika chakula cha jioni.

Ndugu wanaume, tunawaona mnavyokunja uso. Tunaijua hoja yenu. Kwetu mwanamume akikaa barazani na cherehani, watu humwita fundi. Akishika mwiko, watu huja kuuliza mkewe anaumwa nini. Tuliulizwa hivyo mara nyingi. Siku moja wazee wawili walikuja kabisa na Biblia zao kutuombea.

Juma la kwanza mambo yalikwenda vizuri. Juma la pili tulipika maharage. Wapendwa, maharage ni chakula cha hatari kwa mtu mwenye cherehani, kwa sababu yanampa saa mbili za kujidanganya. Tuliyaweka juu ya mbabula, tukajaza maji, tukaenda kumalizia mshono mmoja tu wa mwisho. Mshono ule ulizaa wenzake. Tuliposhtuka, moshi ulikuwa umeshafika nyumba ya tatu, na mama shemasi alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni, akisema, "Pasta, leo ni Walawi sura ya kwanza, sadaka ya kuteketezwa?"

Juma lililofuata tulijihadhari. Tukaamua kupika na kushona kwa pamoja, tukikanyaga mashini kidogo, tukikoroga kidogo. Siku hiyo tulipika sombe na chisense. Watoto walikuwa wanakula kwa furaha, mara mmoja akanyamaza, akatia vidole mdomoni, akatoa kifungo cheupe chenye matundu manne. Akauliza, "Baba, samaki huyu alikuwa amevaa shati?" Petro alipata sarafu mdomoni mwa samaki akalipa kodi. Mtoto wetu alipata kifungo, na sisi ndio tuliolipa, kwa maana habari ile ilifika kanisani kabla yetu.

Tulicheka sana nyumbani. Mama naye alicheka. Lakini mtu akichekelea jambo kwa muda mrefu, anaweza kukosa kuona siku ambayo jambo hilo limeacha kuchekesha.

USIKU ULE UZI ULIPOKWISHA

Ilikuwa Alhamisi ya Januari. Mnajua Januari ilivyo hapa kwetu. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae, na miezi hiyo kitoweo kinakuwa haba na bei yake inapanda. Siku hiyo nyumbani kulikuwa na unga, sombe na makaa. Chakula cha kutosha, kama kuna mtu wa kukipika.

Sisi tulikuwa tunashona joho za kwaya kwa ajili ya Pasaka. Hakuna mtu aliyetuambia tuzimalize Januari.

Mtoto wetu wa mwisho, aliyezaliwa hapa hapa na hajaiona Congo, alikuja mlangoni akaita, "Baba uko wapi?" Tulikuwa hatua tatu kutoka kwake, nyuma ya pazia. Tukajibu, "Nipo, nakuja." Akaondoka. Akarudi tena akaita. Tukajibu vilevile. Mara ya tatu hakuita.

Mama aliporudi alikuta mbabula imezimika, sombe iko ndani ya kinu haijatwangwa, na watoto wamelala. Yule mdogo alikuwa amelala sakafuni, sahani tupu kifuani. Mama alikuja nyuma ya pazia akasimama. Tukainua macho. Ndipo tulipoona na jambo lingine: uzi wa chini ulikuwa umekwisha. Tulikuwa tumeshona karibu urefu wa mkono mzima bila uzi. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, mashini inapiga kelele yake, kitambaa kinatembea, na nyuma yake kulikuwa na matundu matupu.

Mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema maneno ambayo tunayaandika hapa kwa ruhusa yake. "Baba, sikasiriki kwa sababu ya njaa. Tangu Kenani tunajua kulala na njaa. Lakini leo unga ulikuwepo, mboga ilikuwepo, makaa yalikuwepo. Aliyekosekana ni wewe." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Na usifikiri sijui kwa nini kila ikifika saa ya kula unakimbilia huku. Hata mimi nahesabu sahani."

Wapendwa, hapo ndipo tulipoishiwa na majibu.

Baadhi yenu mnafahamu kwamba tulikuwa na mdogo wetu, tumbo moja, ambaye huko nyumbani alikula kwetu kila jioni. Yeye ndiye aliyekuwa anachekesha watoto. Mwaka 2017, njiani kuelekea ziwani, tulipotezana usiku, na mpaka leo hatujapata habari zake. Mchana tunaweza. Mchana kuna mikutano, kuna wagonjwa, kuna mashamba. Lakini jioni, sahani zinapopangwa, mkono unataka kuchukua moja zaidi. Tulikuwa tumepata mashini yenye kelele ya kutosha kuficha jambo hilo, tukaiita kazi ya kufurahisha roho. Ilikuwa inafurahisha kweli. Lakini tulikuwa tumejificha ndani yake.

MSHONO WA KWANZA KATIKA BIBLIA

Tulirudi kwenye Maandiko tukiwa na aibu, tukaona jambo ambalo hatukuliona tulipokuwa chuoni. Mshono wa kwanza unaotajwa katika Biblia ni Mwanzo 3:7. Adamu na Hawa walishona majani ya mtini. Walishona ili wajifiche. Na jioni, saa ya upepo mtulivu, Mungu akaja bustanini kumtafuta mwanadamu, akamwuliza alipo.

Ndugu mpendwa, Mungu hakuuliza kwa kuwa hakujua. Aliuliza ili Adamu ajisikie mwenyewe akijibu. Tulipofika mstari huo tulisikia sauti ya mtoto mlangoni, naye alikuwa ameuliza mara mbili.

Lakini someni mpaka mstari wa 21. Watu wale wawili wako karibu kufukuzwa kwao. Hao ndio waliofukuzwa wa kwanza duniani. Na kabla hawajaondoka, Mungu mwenyewe aliwatengenezea mavazi ya ngozi akawavika. Kwa hiyo katika sura moja kuna mavazi ya namna mbili. Kuna yale ambayo mtu anajitengenezea ili asionekane, na kuna yale ambayo mwenye upendo anamtengenezea mwingine ili apate joto njiani. Cherehani ni ileile. Swali ni moja tu: leo tunashona ili tumvike nani, au tumkimbie nani?

Kwa hiyo asiseme mtu kwamba pasta amekataza kushona. Dorkasi wa Yafa alishona, na alipokufa wajane hawakuonyesha maneno yake, walionyesha nguo alizowatengenezea. Akila na Priska walikuwa watu waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walifika Korintho kama sisi tulivyofika hapa, wakashona mahema pamoja na Paulo. Lakini nyumba ya Akila na Priska ilikuwa pia mahali pa watu kukusanyika, hata kanisa likakutana ndani yake. Mahema hayakuifunga nyumba ile.

NYUZI MBILI

Fundi wetu mzee alitufundisha jambo ambalo sasa tunalihubiri. Kila mmoja wenu amefungua mfuko wa unga. Ukiupata uzi wenyewe ukauvuta, mdomo wote wa mfuko unafunguka kwa mara moja, trrr, mpaka mwisho. Ni kwa sababu mifuko mingi hufungwa kwa uzi mmoja unaojisokota wenyewe kama mnyororo. Ni mshono mzuri kwa mfuko, maana mfuko umeshonwa ili ufunguliwe.

Nguo haishonwi hivyo. Cherehani ya nguo hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu, ule unaoonekana, na mwingine wa chini, ule wa bobini, ambao hauonekani mpaka uigeuze nguo. Mmarekani Elias Howe alipata hati ya uvumbuzi ya mashini ya namna hiyo mwaka 1846, na mpaka leo mashini zetu zinashona hivyo. Nyuzi hizo hukutana katikati ya kitambaa na kufungana. Ukikata mahali pamoja, mshono wote haufumuki. Ukikaza sana uzi wa juu, nguo inajikunja. Na uzi wa chini ukiisha, mashini haikuambii. Inaendelea kupiga kelele kama kawaida.

Nyumba nyingi za waliokimbia ziko hapo. Uzi wa juu ni huduma, mikutano, biashara, kwaya, kushona. Watu wanauona na kuusifu. Uzi wa chini ni ile saa ya jioni ambayo baba na mama na watoto wanakaa kuzunguka sahani moja ya bukari na kuulizana siku ilikwendaje. Hakuna anayeusifu. Lakini ukiisha, unaweza kutumika kanisani mwaka mzima, na siku ukigeuza nguo unakuta matundu.

BWANA ALIYEPIKA UFUKWENI

Mwishoni mwa Injili ya Yohana tunamwona Bwana Yesu ufukweni mwa ziwa, alfajiri. Amefufuka. Ameshinda mauti. Ana ulimwengu mzima wa kushughulikia. Naye anafanya nini? Anapika. Ana moto wa makaa, ana samaki juu yake, ana mkate. Mikono iliyotobolewa misumari inageuza samaki. Ndugu mwanamume unayeona aibu kushika mwiko, tafadhali mwangalie tena Bwana wako.

Wavuvi wa Mweru wanaielewa sura hii kuliko wasomi. Wanajua maana ya kukesha usiku mzima na kurudi na nyavu tupu. Wanajua mtu aliyerudi hivyo hataki hotuba, anataka moto na kitu cha kula. Yesu aliwalisha kwanza. Swali gumu kwa Petro, yule aliyemkana kando ya moto mwingine wa makaa, lilikuja walipokwisha kula. Sisi kwetu tulikuwa tumegeuza mambo: maswali kwanza, chakula baadaye.

Na hesabuni waliokuwepo pale. Yohana anawataja: Petro, Tomaso, Nathanaeli, wana wawili wa Zebedayo, na wengine wawili. Ni saba. Walikuwa kumi na wawili zamani. Mmoja wao, Yuda, alikuwa amekufa vibaya, wala asingerudi tena. Bila shaka walijua nani hayupo. Lakini Bwana hakungoja hesabu itimie ndipo awashe moto. Aliwalisha saba waliokuwepo.

Neno hilo lilitusaidia zaidi ya yote. Usiku ule tuliwasha mbabula upya. Sombe haikuwezekana tena, tukapika uji, ukaiva kama saa tatu na nusu. Tuliwaamsha watoto mmoja mmoja. Walikula nusu wamelala. Na katika kuombea chakula, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2017, tulilitaja jina la mdogo wetu kwa sauti. Mtoto wa mwisho akauliza, "Huyo ni nani?" Mama akaanza kumsimulia vituko vyake, na tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Miaka yote hiyo tulikuwa tumemnyima mtoto baba yake mdogo kwa kuogopa sahani moja.

Ufukwe huu, wapendwa, umezoea watu wa namna yetu. Baada ya Mfalme Msiri kuuawa kule Bunkeya mwaka 1891, watu wake walitawanyika, na wengi wakamfuata mmisionari Dan Crawford mpaka Luanza, kando ya Ziwa Mweru upande wa Congo. Walimwita Konga Vantu, yaani mkusanyaji wa watu. Ni jina zuri kwa mchungaji. Lakini tumejifunza kwamba kukusanya watu kunaanza na kukusanya watoto wako mwenyewe kwenye sahani, kabla hawajalala.

TUFANYE NINI BASI?

1. Kagua uzi wa chini kabla ya kuanza. Kabla ya kuketi kwenye kazi unayoipenda jioni, iwe ni kushona, redio, simu, mpira au hata mkutano wa maombi, uliza nyumbani: kila mtu amekula? Nani leo hajasema neno?

2. Weka saa ya kufunika. Kwetu, Jumanne na Alhamisi, ikifika saa kumi na moja jioni cherehani inafunikwa kitambaa. Na kwa kuwa Mama anaijua ahadi ya mume wake, asubuhi anapokwenda Kashikishi huondoka na bobini zote, amezifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na fedha za chisense. Cherehani bila bobini ni meza tu. Tumezoea kukatia sombe juu yake.

3. Akina mama nao wana kazi zao za kufurahisha roho. Wapo wanaodarizi vitambaa vya meza, wapo wanaoimba, wapo wanaosoma. Ndugu mume, usiite hiyo kupoteza wakati. Siku yake ikifika, shika mwiko. Maharage yakikushinda, anza na uji. Tunatoa mafunzo bure, na mama shemasi atathibitisha kwamba sasa nyumba yetu hainuki.

4. Msiue kipawa. Kuna wake ambao wakisoma hapa watatamani kuuza cherehani ya mtu. Subirini kwanza. Mtu aliyepoteza mengi anahitaji kitu kinachonyooka mikononi mwake. Mwombeni tu kwamba arudi saa ya kula, na akirudi, msimpokee kwa hesabu ya makosa yake.

5. Watajeni ambao hawapo. Msiogope sahani. Kama kuna ndugu mliyepotezana naye njiani, mtajeni mbele za Mungu na mbele ya watoto. Tena msiishie kwenye maombi. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana kwa vita. Sisi tulikuwa hatujakwenda kuandikisha jina, kwa sababu ileile ya kujificha. Sasa tumekwenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI (baada ya kula, si kabla)

a) Jioni ya jana, kila mmoja wetu alikuwa wapi wakati wa chakula?
b) Ni kazi gani nzuri tunayoitumia kujificha?
c) Ni nani ambaye watoto wetu hawamjui, kwa sababu sisi wakubwa tunaogopa kumtaja?

SALA

Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyewavika Adamu na Hawa kabla ya safari yao, na wewe Bwana Yesu uliyewapikia rafiki zako wachovu kando ya ziwa, zihurumie nyumba zetu hapa Mantapala na pande zote za Mweru. Bariki mikono inayoshona na mikono inayopika, na iwe mikono ileile. Tuite tunapojificha, na utupe ujasiri wa kutoka nyuma ya pazia. Uwalinde wale ambao hatujui walipo. Wape mtu wa kuwawashia moto jioni ya leo. Ni katika jina la Yesu tumeomba. Amina.

Tukutane Jumapili. Joho za kwaya zitakuwa tayari kwa Pasaka, Mungu akipenda na Mama akirudisha bobini.

Ni sisi, mchungaji wenu katika Kristo.